Mashine niliyoiunga mwenyewe inaganda ovyo, lakini nikiipa kazi nzito haigandi

MvuviWaPicha, Kisumu

Wakuu, naomba msaada. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe hapa Kondele, kifaa kimoja kimoja, vingine vipya na vingine vya mtumba. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matanga, kwa hiyo mashine hii ndiyo inayonilisha. Shida ni kwamba inaganda. Sisemi inakuwa polepole, nasema inaganda kabisa. Picha inabaki kwenye skrini, mausi haisogei, hakuna skrini ya bluu wala ujumbe wowote. Feni zinazunguka kama kawaida. Inabidi nishikilie kitufe mpaka izime.

Vilivyomo ndani: prosesa Ryzen 5 1600, bodi ya B350, RAM ya DDR4 GB 16 (vijiti viwili vya GB 8, kila kimoja na kampuni yake), kadi ya GTX 1050 Ti, SSD ya SATA, na diski ya zamani ya TB 2 ya kuhifadhia kazi za wateja. Pawa saplai ya wati 500 niliitoa kwenye kesi ya mtumba. Windows 10.

Nimefomati, nimesasisha draiva ya kadi, nimepuliza vumbi lote. Hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja wa hapa mjini aliitazama tu akasema bodi imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, mnaonaje?


Jembe_Kali, Busia

RAM hiyo. Vijiti vya kampuni mbili kwenye bodi moja, ulitarajia nini? Chomoa kimoja uone.


Kijiko, Kisumu

Omera, mashine imechoka kukesha na matanga ya watu. Hata wewe ukiachwa peke yako usiku huo utalala.


MzeeWaVolti, Kakamega

Mulembe nyote. Mimi nasema mwanzo wa yote ni stima. Huku kwetu mvua ya alasiri ikianza kunguruma, taa za nyumba zinakuwa njano kabla hata tone la kwanza halijaanguka. Mashine inataka volti 240 zilizotulia, na huzipati. Nunua UPS, ile betri ya akiba, yenye kusawazisha volti, halafu ndiyo uanze kutafuta wachawi wengine.


Jembe_Kali, Busia

Au aweke Windows 11 tu.


FundiWaMenengai, Nakuru

Ngojeni kidogo kabla hamjamnunulisha mwenzenu duka zima. Windows 11 tuiache, Ryzen za kizazi cha kwanza hazimo kwenye orodha ya prosesa zake.

MzeeWaVolti, heshima yako mzee, ila stima ikiyumba dalili huwa nyingine. Pawa saplai ina akiba ndogo ndani ya kapasita zake, inayotosha kuvuka pengo la milisekunde kumi na kitu. Pengo likizidi hapo mashine inazima au inajiwasha upya. Haibaki na picha kwenye skrini ikikutazama. UPS ni kitu kizuri, hata mimi ninayo, lakini kwa ugonjwa huu sioni kama ndiyo dawa.

Kufomati kwako hakukupotea bure. Tatizo likirudi vilevile kwenye Windows mpya, uwezekano wa kuwa ni Windows umepungua. Ukitaka kuumaliza kabisa, weka Linux Mint kwenye flashi, washa mashine kutoka hapo bila kusakinisha chochote, uiache. Ikiganda na humo, achana na hadithi za draiva za Windows.

Sasa nijibu haya. Ikiganda, bonyeza Caps Lock. Kitaa chake kinawaka na kuzima? Kikiitika, mfumo bado uko hai na shida iko upande wa picha. Hapo jaribu kubonyeza Win, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, huwa inaanzisha upya draiva ya kadi. Kisipoitika, mashine nzima imesimama. Unaweza kuhakikisha kwa simu iliyo kwenye waifai hiyohiyo: pakua programu yoyote ya kupima mtandao, uipingi mashine, yaani uitumie ujumbe mdogo uone kama inajibu. Ila ijaribu kwanza mashine ikiwa nzima, maana mara nyingi ukuta wa ulinzi wa Windows huzuia pingi na utadhani imekufa kumbe imekataa tu kujibu.

Halafu fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Utakuta Kernel-Power 41. Usiishangae, inasema tu kwamba mashine ilizimwa bila utaratibu, na hilo unalijua kwa sababu kidole ni chako. Ninachotaka ni kilichoandikwa kabla yake. WHEA-Logger (makosa ya vifaa), storahci (diski), nvlddmkm (kadi ya picha), chochote. Kama hakuna, niambie hakuna.

Na hili ndilo nalitaka zaidi: inaganda ikiwa inafanya nini? Usiniambie "ovyo". Itazame saa ya pale pembeni ya skrini. Mashine ikiganda nayo inasimama, kwa hiyo umeachiwa dakika yenyewe.


SaibaYaBungoma

Samahani kwa kuingilia uzi wa watu. Nina saiba ndogo hapa Bungoma mjini, na mashine yangu moja inaganda pia, ila ya kwangu inarudi. Inasimama kama nusu dakika, mteja anaanza kuniangalia, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Taa ya diski inawaka muda huo wote bila kupepesa. Na tuko msimu wa ritani za kodi za KRA, mwisho 30 Juni, foleni imefika kwa muuza chapati. Juzi ilisimama mteja akiwa ameshajaza fomu nzima ya iTax, nikaombea isipotee. Ni ugonjwa mmoja na wa MvuviWaPicha?


FundiWaMenengai, Nakuru

Hapana dada, wako ni mwingine, na wako ni rahisi zaidi. Mashine inayoganda ikarudi ina kitu inachokisubiri. Nenda Event Viewer, upande wa System, utafute storahci yenye namba 129. Itakuwa imeandikwa "Reset to device". Maana yake ni kwamba Windows iliitumia diski ombi, ikangoja sekunde 30, haikujibiwa, ikaamua kuianzisha upya. Hizo sekunde 30 ndizo nusu dakika yako.

Ukiiona, weka CrystalDiskInfo uangalie mstari wa C7. Unahesabu data iliyofika imeharibika njiani kati ya diski na bodi. Na njiani hapo ni kebo. Uangalie pia 05 na C5, hizo zinahusu uso wa diski yenyewe, zikiwa zinapanda usingoje, nakili kazi zako leo. Namba za programu hiyo kwa kawaida huja kwa heksadesimali, kuna mahali kwenye menyu pa kuzigeuza ziwe za kawaida. Watu huona herufi katikati ya namba wakadhani ni virusi.


MvuviWaPicha, Kisumu

Asante fundi. Jana usiku iliganda tena nikafuata kama ulivyosema. Caps Lock haiitiki. Pingi ya simu haijibiwi, na mchana ilikuwa inajibu vizuri. Event Viewer ina 41 peke yake, BugcheckCode 0 (yaani hakuna skrini ya bluu), na kabla ya hapo hakuna kosa lolote.

Sasa hii ya saa. Nilikuwa na harusi ya Ahero, video ndefu yenye kamera tatu, nikaiweka itoke nikaenda kula. Programu ya kuhariri huandika muda wa kumaliza, na iliandika 10:41 usiku. Niliporudi nikakuta skrini imesimama, saa inasoma 10:58. Faili lenyewe limekamilika, nimelifungua mpaka bibi harusi anaingia garini, halina kasoro. Yaani ilipiga kazi feni zikivuma, ikamaliza, ikakaa dakika kumi na saba bila kufanya kitu, ndipo ikaganda.

Nikikumbuka nyuma, sioni ilipowahi kuganda ikiwa inatoa video. Wala nikicheza mpira wa kwenye kompyuta na vijana hapa. Huganda nikiwa nasoma barua pepe, nimeenda kunywa chai, au nimeacha wimbo unaimba polepole. Linux Mint nayo nimeijaribu. Niliiwasha nikaenda kulala, asubuhi nikaikuta imeganda.


Jembe_Kali, Busia

Bado nasema RAM.


FundiWaMenengai, Nakuru

Hapo sasa tumefika mahali. Kijiko alikuwa anatania lakini amegusa penyewe: mashine hii inakwama inapolala.

Watu wakisikia mashine inaganda, akili inakimbilia joto na mzigo. Lingekuwa joto, ingekufa katikati ya harusi ya Ahero, isingengoja bibi harusi aingie garini. Tena prosesa ya siku hizi ikipata joto hupunguza mwendo kwanza, na ikizidi inazima yenyewe. Pawa saplai iliyozidiwa nayo ingeangusha mashine wakati prosesa na kadi zinavuta kwa pamoja. Yako ni kinyume. Mzigo inaubeba, kukaa bure ndiko kunaishinda.

Prosesa isipokuwa na kazi hujizima kidogo kidogo, kwa hatua zinazoitwa C-state. C1 ni kusinzia. Ikifika C6, kiini kinahifadhi mahali kilipofikia kisha kinakatiwa umeme karibu wote. Ukigusa mausi kinaamshwa haraka kiasi kwamba huwezi kuona. Sasa viini vyako vyote sita vikilala hivyo kwa pamoja, umeme unaovutwa kwenye laini ya volti 12 unaanguka ghafla mpaka karibu na hakuna. Pawa saplai nzuri haina habari na hilo. Mbovu au ya zamani inapoteza mizani, volti zinatoka nje ya mpaka wake, na kiini kikitaka kuamka kinakuta umeme si ule. Kinabaki hapohapo. Na hutapata kosa limeandikwa, kwa sababu wa kuliandika ndiye huyo aliyezimia.

Msije mkasema ni Ryzen peke yake. Prosesa za Haswell za Intel zilipotoka mwaka 2013, zilikuwa zinaweza kushuka hadi ampea 0.05 kwenye laini ya prosesa, na watengenezaji wa pawa saplai wakalazimika kutoa orodha za zile zinazohimili. Ryzen zilipokuja 2017, watumiaji wa Linux ndio waliopiga kelele kwanza kwamba mashine zinaganda zikiwa bure. Wengine walizuia C6 kwa kuongeza "processor.max_cstate=5" kwenye amri za kuwashia. Baadaye BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, zikaongezewa chaguo la kushughulikia hilo, na tutalifikia.

Kwanza nisomee lebo ya pawa saplai. Namba zote, si ile 500 kubwa.


MvuviWaPicha, Kisumu

Nimefungua upande wa kesi nikamulika na simu. +3.3V 28A. +5V 30A. +12V 18A. -12V 0.8A. +5VSB 2A. Chini yake "500W MAX". Stika ya 80 Plus, ile ya ufanisi wa umeme, hakuna. Kampuni yenyewe sijawahi kuisikia popote.


Kijiko, Kisumu

MAX ni jina la mwenye kiwanda.


FundiWaMenengai, Nakuru

😂 Kijiko, tulia.

Mvuvi, zidisha 12 kwa 18. Unapata wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyo nayo, hizo 500 ni za stika. Prosesa yako ni ya wati 65, kadi ya wati 75, jumla 140, ongeza diski na feni, bado unaingia. Ndiyo maana kazi nzito inaimaliza salama na kukufanya uamini saplai haina neno.

Sasa tazama mstari wa volti 5. Ampea 30, wati 150. Hayo ni mapishi ya zamani, enzi ambazo prosesa ililishwa kutoka volti 5. Viwango vya pawa saplai vya ATX12V 2.0 vya mwaka 2003 vilihamishia uzito kwenye volti 12, lakini miundo ya zamani iliendelea kutengenezwa kwa sababu ni rahisi. Kwenye muundo huo volti 12 na volti 5 zinadhibitiwa kwa pamoja, moja ikivutwa nyingine inasukumwa. Mashine yako ikikaa bure, SSD na vifaa vya USB vinaendelea kuvuta volti 5, upande wa 12 umeachwa karibu mtupu. Hapo ndipo inapopepesuka.

Tafadhali usije ukaifungua kutazama ndani. Kapasita kubwa iliyomo hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani.


Jembe_Kali, Busia

Sawa fundi, maelezo mazuri. Lakini ni nadharia. RAM za kampuni mbili ni tatizo linalojulikana dunia nzima. Umeuliza zinakimbia kwa kasi gani? Umeuliza ziko tundu gani? Mimi nilikuwa na mashine iliyoganda hivihivi bila kosa kuandikwa, nikatoa kijiti kimoja ikapona.


FundiWaMenengai, Nakuru

Umesema haki, sikuuliza. Mvuvi, kasi ni ngapi? Na umechomeka tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa? Bodi nyingi zinataka hivyo ukiwa na vijiti viwili.


MvuviWaPicha, Kisumu

Ziko la pili na la nne. Kasi ni 2400, XMP (ile ya kuongeza kasi ya RAM) sijaigusa. MemTest86 niliiacha ikapima usiku kucha, haikutoa kosa hata moja. Na usiku huo haikuganda.


FundiWaMenengai, Nakuru

Ryzen 5 1600 inakubali hadi 2667 rasmi, kwa hiyo 2400 si kuisukuma.

Jembe, na uone hili: MemTest86 haikuganda. Windows ikiachwa bure inaganda, Linux ikiachwa bure inaganda, lakini kipimo cha RAM kinakimbia hadi asubuhi bila neno. Kipimo hicho hakiipi prosesa nafasi ya kulala. Sisemi kutopata kosa kunaisafisha RAM kabisa, kuna vijiti vinavyopita kipimo na bado vina matatizo. Nasema ushahidi wote umeelekea upande mmoja, na jaribio la upande huo ni la bure. Tulifanye kwanza kabla ya kugusa kitu cha kununua.

Mvuvi, ingia BIOS kwa Del. Nenda Advanced, kisha AMD CBS. Tafuta Power Supply Idle Control. Itakuwa Auto. Iweke "Typical Current Idle". Hifadhi utoke. Maana yake mashine haitaruhusiwa kushuka hadi kule chini kabisa, utalipia wati chache zaidi ikiwa imekaa bure. Kingine chochote usiguse, hata RAM iache ilivyo. Ukibadilisha vitu viwili siku moja ikapona, tutarudi hapa kubishana mimi na Jembe mpaka Krismasi.


MvuviWaPicha, Kisumu

AMD CBS ipo, lakini hicho kipengele sikioni.


FundiWaMenengai, Nakuru

BIOS yako ni ya zamani, hiyo. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta jina kamili la bodi pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, maana B350 mbili zenye jina karibu sawa zinaweza kuwa na mafaili tofauti. Soma maelezo ya kila toleo kabla ya kupakua. Bodi nyingine zinataka upite toleo la katikati kwanza, na matoleo ya mwisho kabisa kwenye bodi za zamani wakati mwingine huondoa uwezo wa kuendesha prosesa fulani. Huhitaji la mwisho, unahitaji la baadaye kidogo lenye hicho kipengele.

Flashi iwe imefomatiwa FAT32. Na usifanye alasiri! Kisumu nimeishi, najua mawingu ya ziwa yakikusanyika saa tisa kinachofuata ni nini. Stima ikikatika BIOS ikiandikwa, hapo ndipo utanunua bodi kweli. Fanya asubuhi mapema, au uazime UPS ya mtu.


MzeeWaVolti, Kakamega

Ahaa! UPS imerudi.


FundiWaMenengai, Nakuru

Imerudi mzee, nakubali 🙏


MvuviWaPicha, Kisumu

Nimefanya leo saa moja asubuhi kukiwa na jua kali. BIOS mpya imeingia, kipengele kimeonekana, nimekiweka Typical Current Idle. Kasi ya RAM ilijirudisha 2133 yenyewe baada ya kusasisha, nikairudisha 2400 ili isiwe kisingizio. Nitaiacha ikae bure usiku niwaletee habari.


MvuviWaPicha, Kisumu

Wiki nzima haijaganda. Nimeiacha imewaka kila usiku bila kazi, asubuhi naikuta saa inatembea. Fundi, Mungu akubariki. Mada imefungwa?


FundiWaMenengai, Nakuru

Bado. Tunajua kwamba ukiizuia kulala haigandi. Hatujajua kama mwenye makosa ni pawa saplai au ni bodi inayomlisha prosesa. Yule aliyekuambia bodi imekufa bado anaweza kuwa amesema kweli. Je, kuna rafiki mwenye pawa saplai ya maana anayeweza kukuazima kwa siku chache? Ichomeke, halafu rudisha BIOS iwe Auto. Ikiganda na saplai nzuri, bodi ina kesi ya kujibu. Isipoganda, rudisha saplai yako kuukuu ukiwa bado kwenye Auto, tuone kama ugonjwa unarudi.

Ukiazima, tumia nyaya za saplai hiyohiyo. Zile zinazochomoka pande zote mbili zinafanana kwa macho lakini mpangilio wa pini unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, nimeona SSD ikitoa moshi kwa sababu ya waya wa kuazima.


Jembe_Kali, Busia

Hiyo ya nyaya ni kweli tupu. Watu hawaambiwi.


SaibaYaBungoma

Fundi, 129 zipo tele! Karibu kila siku ya kazi. Na C7 imejaa. 05 na C5 ni sifuri. Nilipofungua kesi nikakuta kebo ya SATA imekunjwa ikabanwa na mfuniko, sehemu iliyokunjwa imekuwa nyeupe. Nimeweka nyingine kutoka kwenye mashine iliyokufa. Hiyo C7 itarudi sifuri?


FundiWaMenengai, Nakuru

Hairudi, inahesabu tangu diski izaliwe. Iandike mahali uje uitazame tena. Ikibaki palepale, kebo ndiyo ilikuwa. Ikiendelea kupanda, hamisha kwenye tundu jingine la bodi. Na usikunje kebo ya SATA kama karatasi, ipe mzunguko.


MvuviWaPicha, Kisumu

Majibu haya hapa. Kijana mmoja wa Migosi amenipa pawa saplai yake, ya 80 Plus Bronze, lebo yake inasema ampea 45 kwenye volti 12 na volti 5 ni ndogo tu pembeni. BIOS Auto. Imekaa bure usiku na mchana, haijaganda. Nikarudisha ya kwangu, BIOS bado Auto. Sikungoja sana. Niliiwasha nikaenda kuoga, kurudi saa imesimama.

Bodi nzima, RAM nzima. Naweza kuendelea na hii saplai nikiweka ile Typical, au ninunue tu?


FundiWaMenengai, Nakuru

Kuendelea utaweza. Mimi nisingeendelea, na si kwa sababu ya kuganda. Saplai inayodanganya wati kwenye stika huwa imebana pesa kwenye kila kitu, hasa vile vya ulinzi. Juu ya hiyo saplai kuna diski yenye harusi za watu ambazo hazirudiwi.

Ukienda dukani, au ukiagiza kutoka Luthuli kule Nairobi uletewe na basi, usiulize wati kwanza. Uliza ampea za volti 12, uzidishe kwa 12. Ikikaribia sana namba kubwa ya kwenye boksi, ni ya kisasa. Ikiwa nusu, rudisha kwenye rafu. Kwa mashine yako hata ya wati 450 ya ukweli inatosha na kubaki. Mtumba si dhambi, za mashine za ofisini zilizotolewa Uingereza nyingi ni nzuri sana ndani, ila angalia plagi, baadhi ya kampuni za kompyuta za ofisini hutumia pini zao wenyewe ambazo haziingii kwenye bodi ya kawaida.


MzeeWaVolti, Kakamega

Na ukinunua hiyo nzuri, kuwa mwangalifu na UPS. Nyingi za bei rahisi zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la ngazi, si wimbi laini kama la stima. Saplai nzuri zenye PFC hai (saketi inayolainisha jinsi zinavyovuta umeme) wakati mwingine hazilipendi, unaweza kukuta mashine inazima papo hapo stima inapokatika ingawa UPS inalia. Ijaribu siku isiyo na kazi kwa kuchomoa plagi ya UPS ukutani. Pia hakikisha soketi ina waya wa ardhi kwelikweli. Nyumba nyingi za kupanga, tundu la tatu ni mapambo. Ukishika kesi ya chuma ukahisi kama inakutekenya, mwite fundi wa stima kabla ya fundi wa kompyuta.


MvuviWaPicha, Kisumu

Hiyo ya kutekenya nilikuwa nadhani ni kawaida ya kompyuta zote 😳


MzeeWaVolti, Kakamega

Si kawaida, mwanangu. Mwite kesho.


Kijiko, Kisumu

Nauliza tu, hiyo saplai kuukuu unaitupa au unauza? Nina wati 500 nazihitaji.


Jembe_Kali, Busia

Muulize Max.


SaibaYaBungoma

Nimerudi. C7 haijasogea hata moja tangu nibadilishe kebo, na 129 hazijaonekana tena, foleni ya ritani imekwisha bila aibu. Asanteni sana. Sasa kuna mashine yangu ya pembeni, hiyo haigandi, ila diski yake imeanza kulia tik, tik, tik, halafu inanyamaza.


FundiWaMenengai, Nakuru

Dada, hiyo usiizime usiiwashe, nakili kilichomo sasa hivi, kwa kuanza na mafaili ya wateja. Ukishamaliza, fungua uzi mwingine.